Mkojo wa Panya na Adabu Zangu

Mama yangu alipopewa ng'ombe, wifi yake aliandikwa wa pili kwenye orodha, na tangu siku hiyo amani ikahama mtaani kwetu.

Wifi huyo ni dada wa marehemu baba yangu, yaani shangazi yangu, na nyumba yake na ya mama zimetenganishwa na ua wa makuti ambao kila mmoja wao anadai ni wake. Baba alipofariki walibaki na ubishi mmoja wa kudumu, kama alipenda samaki wa kukaanga au wa nazi, na ubishi huo waliupalilia kila wiki. Kisha akaja ng'ombe, wakapata ubishi mpya.

Ilikuwa miaka ile meli zilipokuwa zinachimbua gesi baharini mbele yetu. Palma, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, ulijaa kofia ngumu na magari meupe, na serikali nayo ikakumbuka kwamba tupo. Mradi wa mifugo ukaleta mitamba kwa lori kutoka kusini. Sisi watu wa pwani tunajua mbuzi na tunajua samaki. Ng'ombe, kwa sababu ya mbung'o, tulimjua zaidi kama nyama iliyotoka mbali. Masharti ya mradi yalikuwa mepesi. Unapewa mtamba mwenye mimba. Akizaa jike, ndama huyo anakwenda kwa anayekufuata kwenye orodha, wewe unabaki na mama yake. Akizaa dume, ni wako, unasubiri uzao mwingine. Lakini akiharibu mimba mara mbili, basi ng'ombe mwenyewe anahamishiwa kwa anayekufuata. Shangazi, kwa ufupi, alikuwa na la kushangilia kila upande, na mama alilijua hilo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa karibuni, na Kireno changu kilikuwa kinatosha. Daktari wa mifugo aliyeletwa wilayani alikuwa kijana kutoka kusini kabisa, mpole, mwenye pikipiki na madaftari mengi, na hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "hodi". Basi nikawa ulimi wake. Aliniita sinyora profesora, yaani bibi mwalimu, nami nikavimba kichwa.

Siku mbili za kwanza mama alimwogopa ng'ombe wake. Alimpa maji kwa kusukuma ndoo kwa mti mrefu. Siku ya tatu ng'ombe akamlamba mkono, na ikawa mwisho wa habari. Akaanza kumwita "mwali", jina la msichana anayewekwa ndani kufundwa.

"Dotoro kasema ana mimba, tena ya kwanza," mama aliniambia. "Na huyu hana mama huku. Mama'ke kabaki kusini."

"Mama, ni ng'ombe."

"Kwani nimesema ni samaki?"

Kwetu binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake. Haachwi kwa mumewe akahangaika na kuni na maji. Anarudi, anawekwa ndani, anapikiwa uji, anafichwa na macho ya watu mpaka ajifungue. Mama alipitisha sheria hiyo kwa ng'ombe bila kupunguza hata kifungu kimoja. Akamtoa kwenye zizi alilojengewa kule mgundani, yaani shambani, kwenye njia ya kwenda Nhica, akamleta nyumbani na kumwingiza ghalani.

Ghala la mama lilikuwa ndilo fahari yake. Lilishikana ukuta na jiko, na ndani mlikuwa na magunia ya makopa ya muhogo, mpunga, karanga na mahindi, kwa sababu wageni wa gesi walikuwa wengi na kila aliyepika chakula cha kuwauzia alikuja kununua kwake. Alikuwa akinawa miguu kabla ya kuingia humo. Sasa akamtandikia mwali makapi ya mpunga, akamwekea beseni la pumba lisilokauka, na mtungi wa maji kwenye kona, wazi, ili mwali asisubiri. Akamfunga hirizi shingoni. Juu ya hayo akampaka masizi kwenye paji la uso, kama tunavyowapaka watoto wachanga kukinga jicho, na alipofanya hivyo aliutazama ua wa makuti kwa muda mrefu.

Sasa niseme habari ya panya. Miaka hiyo misitu ilikuwa inafyekwa kwa ajili ya barabara na kambi. Watu waliokuwa wakikaa huko waliandikwa majina, wakapigwa picha mbele ya mikorosho yao, wakaahidiwa nyumba. Panya hawakuandikwa na mtu. Walihama wenyewe, panya buku na panya wa porini wa kila rangi, na hata sange wenye pua ndefu, wakaja mjini kutafuta makazi. Wakipita kwa shangazi walikuta paka watatu. Wakipita kwetu walikuta makopa, pumba, maji ya kunywa na mama asiyetaka kumwona paka tangu mmoja alipomwibia changu wa Idi. Hata ningekuwa mimi panya nisingejiuliza mara mbili.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mwali akaiharibu. Ndama alitoka ameshakufa, mdogo, amekamilika kila kitu mpaka kope. Mama alilia kilio cha kweli, amekaa chini kwenye makapi, kichwa cha ng'ombe kimeegemea bega lake. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa.

Shangazi akaja kutoa pole. Alisimama mlangoni na kanga mbili, kama msiba wa mtu.

"Pole, wifi yangu."

"Nimeshapoa," mama akamjibu, akampaka ng'ombe masizi mengine palepale, mbele yake.

Daktari naye akaja. Alimtoa ng'ombe damu, akaitia kwenye kichupa, akauliza ni wanyama gani wa porini wanaoingia humo ndani. Nikamwambia mama. Mama akasema labda mjusi. Daktari akatazama chini ya magunia, akatazama kingo za mtungi, akaniomba ruhusa ya kuweka mitego sita, visanduku vya bati vyenye siagi ya karanga. Asubuhi yake alipokuja kuitazama, visanduku vyote sita vilikuwa vimejaa. Kimoja kilikuwa na sange aliyetutazama kwa dharau. Dereva wa pikipiki za abiria aliyekuwa akipumzika kibarazani, mtu wa bara, akachungulia na kumwuliza daktari kwa Kireno kama anaondoka nao wote au anaweza kuacha wawili watatu wanono. Nilipomtafsiria mama alimkemea, akasema hao walikuwa wapita njia tu.

Baada ya wiki kadhaa daktari akarudi na karatasi kutoka maabara. Ugonjwa ulikuwa na jina refu ambalo nilishindwa kulitamka hata kwa Kireno. Miaka baadaye nimesikia kwamba ng'ambo ya Rovuma wanauita homa ya mgunda. Tulikaa uani, mama kwenye mkeka, daktari kwenye kiti, mimi katikati yao. Daktari akamtazama mama usoni kwa heshima, akaanza kusema, na alisema wazi kabisa.

"Mwambie mama kwamba ghala lake limejaa panya. Panya wanakojoa kwenye pumba na kwenye mtungi. Ugonjwa umo katika mkojo huo. Ng'ombe ameula na kuunywa, na ndama amekufa kwa sababu hiyo. Ng'ombe atoke ghalani leo, arudi zizini. Maji na chakula vifunikwe. Na mtu mwenye mimba asiingie humo, wala asinywe maji yale, kwa sababu ugonjwa huu unampata binadamu pia."

Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

Hapa lazima msomaji anielewe, ingawa sistahili. Huyu ni mama yangu. Ni mwanamke anayetawadha kabla hajapima mchele. Nimwambie, mbele ya mwanamume mgeni, na wifi yake yuko nyuma ya makuti anasikiliza kila neno, kwamba ghala lake ni choo cha panya? Kwamba yale yote aliyofanya kwa mapenzi ndiyo yaliyomuua ndama? Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Dotoro anasema ghala lako lina baraka nyingi, mama, mpaka viumbe vya porini vimelisikia. Anasema umemtunza mwali vizuri kupita kiasi. Ila labda, ukipenda, mwali angefurahi kupata upepo kidogo."

"Upepo utampa baridi," mama akasema.

Daktari akauliza, "Amekubali?"

"Anashukuru sana," nikamwambia. "Atalifikiria."

Akafurahi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba mfugaji ameelezwa, akamchoma ng'ombe sindano za kuua ugonjwa, akanywa chai ya mama, akaondoka. Nikajipongeza kwa busara. Nilijiona nimewastahi watu wote watatu kwa sentensi moja.

Ng'ombe akapelekwa kwa dume la mradi, akashika mimba tena. Na mimi, huko kwa mume wangu, nikashika. Mama alipopata habari zote mbili katika wiki moja alitembea mtaani kama ameteuliwa kuwa waziri. Nilipofika mwezi wa saba mume wangu, ambaye alikuwa mlinzi wa geti kambini na haonekani mpaka zamu yake iishe, alinirudisha kwa mama kama desturi inavyotaka. Nikakuta nafasi yangu imeshikwa.

"Huyu hajawahi kulea, kwa hiyo bado ni mwali," mama alinieleza, akimkuna ng'ombe masikio. Alikuwa amemrudisha ghalani mapema zaidi safari hii, na pumba alikuwa amezizidisha. Tumbo lake na langu yalikuwa yanalingana umri. Chumba changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa ghala. Uji ulipoiva, sufuria ilipita mlangoni kwangu ikaenda kwake kwanza. Nikilalamika naambiwa mwenzangu hana mdomo wa kuomba.

Na mchana, nikiwa nimelala, niliwasikia panya ukutani wakienda na kurudi na shughuli zao.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Maji ya nyumba nzima yalichotwa kwenye mtungi ule ule wa ghalani, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa ya baridi. Mimi nilijua alichosema daktari. Nilikijua neno kwa neno, kwa lugha mbili. Basi sikunywa. Nikamwambia mama mimba yangu haitaki maji ya mtungi, inataka maji yaliyopigwa na jua. Mama akaona ni kawaida, mwenye mimba ana vituko vyake. Nikawa kila siku napita mwanya wa ua wa makuti, nakwenda kunywa kwa shangazi. Nilijiokoa mimi na wa tumboni mwangu, na mwali wa watu nikamwacha aendelee na beseni lake.

Shangazi alinivumilia siku nne. Siku ya tano alinishika mkono kikombe kikiwa mdomoni.

"We mtoto wa kaka yangu. Maji ya kwenu yana nini?"

"Hayana kitu, shangazi."

"Hayana kitu, na wewe una tumbo kama pakacha unaruka ua wa watu kila saa?"

Nikamweleza yote. Mitego, karatasi, mkojo, baraka za ghala, upepo. Shangazi alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Alirudia "viumbe vya porini vimelisikia" mara tatu, kila mara akijipiga paja. Kisha akahesabu kwa vidole, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ng'ombe yuko mwezi wa ngapi?"

"Wa saba. Ule ule aliomwaga mara ya kwanza."

Nilikuwa nimesahau ninaongea na nani. Mimba ya pili ikiharibika, ng'ombe anakuja kwake, mzima, na kamba yake. Hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kuniongezea maji na kunyamaza. Alimwondoa paka aliyejilaza juu ya mguu wake.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nenda kamwambie mama'ko sasa hivi. Usipokwenda nakwenda mimi, na mimi sina adabu zako."

Nikarudi kwa mwanya ule ule. Mama alikuwa anapepeta pumba. Nikasimama mbele yake, nikamwambia kwa maneno ya daktari, bila sukari. Panya. Mkojo. Pumba. Mtungi. Ndama.

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Umejua lini?"

"Siku ile ya karatasi."

"Mwaka mzima?"

"Karibu."

Akafikiri. Nikaona anafika pale nilipokuwa naogopa asije akafika.

"Na wewe ulikuwa unakunywa wapi?"

Sikuwa na baraka wala upepo wa kumpa. "Kwa shangazi," nikasema.

Hakunipiga, hakunitukana. Heri angefanya moja kati ya hayo. Aliweka ungo chini, akamwaga pumba zote shimoni, akaingia ghalani, akamtoa mwali kwa mkono. Akamvua hirizi ili isinase kwenye matawi. Wakapita katikati ya mtaa, mchana kweupe, ng'ombe mjamzito na mwanamke analia bila kujifunika, hadi mgundani, na mama akakaa huko mpaka alipoona amekunywa maji ya kisima. Aliporudi alinikuta nimekaa pale pale.

"Na wewe toka," akaniambia.

"Niende wapi, mama?"

"Kule unakokunywa."

Akabeba godoro langu kichwani. Hakupita mwanya wa ua. Alizunguka barabarani, akafika mlango wa mbele wa wifi yake, mlango ambao hakuwahi kuupiga hodi tangu arobaini ya baba, akasema, "Hodi. Nimekuletea mwali. Nyumba yangu ina panya."

Aliyasema mwenyewe, kwa sauti, na mtaa ukasikia. Shangazi alipokea godoro. Alikuwa na utani wa mwaka mzima mdomoni, nilimwona anaumeza wote.

"Karibu, wifi," akasema. "Viatu acha tu, sijafagia."

Kusafisha ghala kulichukua siku tatu. Ndani ya gunia moja la makopa tulikuta, yaani walikuta, mimi nikiwa nimekatazwa kusogea, ukoo mzima wa panya na wajukuu. Mama aliyachoma magunia sita, akauvunja mtungi, akanunua mapipa ya bati yenye vifuniko. Shangazi alimwazima paka wawili, na mama aliwakaribisha kwa Kiarabu, kama wageni wa heshima. Kila siku ya Mungu aliamka, akaenda mgundani kumtazama mmoja, akarudi akapiga hodi kwa wifi yake kumtazama mwingine. Sufuria ya uji safari hii ilianzia kwangu, lakini bila mazungumzo.

Daktari alipokuja tena, mama alimzuia mlangoni. Akamwita yule dereva wa pikipiki mtu wa bara.

"Njoo unisikilizie wewe," akamwambia. "Huyu wangu kasoma sana."

Nikasimama pembeni, na cheti changu cha ualimu, nikimsikiliza mwendesha pikipiki akitafsiri mkojo kuwa mkojo.

Mwanangu alizaliwa hospitalini, salama, wa kiume. Siku kumi na moja baadaye mwali alizaa zizini, peke yake, juu ya nyasi, na mama alikuwa nje ya boma ameng'ata kanga kwa sababu alikatazwa kuingia na kumkanda kiuno. Ndama akasimama. Alikuwa jike.

Masharti ni masharti. Ndama alipoacha kunyonya, mama alimfunga utepe mwekundu shingoni, akamswaga hadi mlango wa mbele. Mimi, ambaye tangu siku ya godoro sikuwa nimekunywa maji kwa mama, nilifuata nyuma na mtoto mgongoni.

"Hodi. Umenitunzia wangu," mama akamwambia wifi yake. "Nimekuletea wako."

Shangazi aliposhika kamba alianza kulia, na mama, ambaye hakubali kushindwa kwa lolote, akalia zaidi. Ndama akawatazama, akaanza kula ua wa makuti. Hakuna aliyemzuia. Hatimaye ulikuwa wa wote wawili.

Tulipokuwa tunarudi nilimwona mama amenyong'onyea, nikataka kumliwaza. Nikasema, "Usihuzunike, mama. Mwali wako bado unaye. Mwakani atazaa mwingine mzuri kuliko huyu."

Akasimama katikati ya njia. Asubuhi ile daktari alikuwa amepita, na dereva hakuwepo, na aliyeongea naye ni mimi.

"Dotoro kasemaje hasa?"

Nilivuta pumzi. "Kasema ugonjwa huenda bado umo mwilini mwake. Kasema atamchoma sindano nyingine, ila ya mimba ijayo haahidi."

Mama alinitazama, kisha akanyoosha mikono, akamfungua mtoto mgongoni mwangu, akamweka begani kwake.

"Haya," akasema. "Twende nyumbani ukanywe maji."